Mtende Si Mgomba

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za chumba cha chupa hapo maabara. Siku ya kuniaga mlinisifu mno, mpaka nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mwingine anayestaafu. Nilipokuwa nje navaa viatu, Anitha, ambaye sasa ndiye mkuu wenu, alinifuata akasema, "Mzee Deo, usiondoke hivi hivi. Waandikie hawa wadogo. Lakini andika ulichofanya, siyo ulichotaka tudhani ulifanya."

Basi naandika. Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache na havikunifundisha kitu.

Nilikuja maabara kutoka Kishanda nikiwa na cheti cha kidato cha nne na mikono iliyozoea jembe. Nilidhani nitapewa koti jeupe. Nilipewa beseni, brashi na rundo la chupa za jemu nizioshe. Msimamizi wa chumba alikuwa Mama Kokugonza, ambaye miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi na sauti yake haikupanda hata siku moja. Hakuwa na haja ya kuipandisha.

"Umenawa?" aliniuliza asubuhi ile.

"Nimenawa, Mama."

"Nawa tena."

Nikanawa. Akaniuliza tena, nikanawa mara ya tatu. Kisha akanifunulia kisahani chenye aga, ule utelezi mgumu tunaopandia vipande, akaniambia nibonyeze kidole. Siku ya nne akaniita nione. Pale nilipobonyeza palikuwa pameota bustani: pamba nyeupe, vidoadoa vyeusi, na ute wa njano.

"Wasalimie jamaa zako," alisema. "Unatembea nao kila mahali."

Sijawahi kupata somo fupi kuliko lile. Ninyi mliokuja na shahada mlisoma vijidudu vitabuni. Mimi nilitambulishwa kwa vyangu binafsi.

Kazi yenyewe mnaijua, ila naiandika kwa ajili ya wajukuu wanaodhani babu yao alikuwa akipika jemu. Unachukua chipukizi la mgomba, unalimenya tabaka kwa tabaka mpaka unafika kwenye moyo wake, mweupe, mdogo kama punje ya harage. Unauosha kwa dawa ya klorini, unaukata ndani ya kabati la hewa safi kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto, unautia kwenye chupa yenye aga, sukari na homoni. Baada ya wiki chache unakuta vichwa vitatu, vinne. Unavitenganisha, kila kimoja chupa yake. Mwezi ukiisha unarudia. Mgomba hauhitaji kubembelezwa. Ni kama mgeni wa Kihaya aliyekaribishwa olubisi, pombe yetu ya ndizi: akishakaa, ni juu yako kumwondoa.

Mama Kokugonza alikuwa na sheria moja aliyoiandika kwa kalamu nzito juu ya mlango: KAHAWIA NI MAITI. MAITI HAILALI NA WAZIMA. Kipande kikigeuka rangi ya kahawia, chupa inatoka siku ile ile, inachemshwa, inaoshwa. Niliifuata sheria ile kama Amri ya Kumi na Moja. Msimu wa senene ndio tulikuwa na maiti nyingi kuliko wakati wowote, kwa sababu hakuna sabuni inayoshinda vidole vya Mhaya aliyetoka kula panzi wale wa mafuta. Mama Kokugonza alikuwa akitunusa mikono mlangoni, mmoja mmoja.

Halafu ukaja mnyauko. Walioishi Muleba miaka ile wanajua. Mgomba unanyong'onyea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina unatoka usaha wa njano. Mama yangu alifyeka kibanja chake chote cha migomba Kishanda akiwa amefunga kanga kiunoni, hasemi neno. Miche yetu ya chupa, iliyo safi, ndiyo iliyorudi kwenye kibanja kile baada ya udongo kupumzika. Siku nilipomkuta mama ameketi chini ya majani mapana ya mgomba nilioukata kwa mkono wangu ukiwa punje, nililia mbele yake bila haya.

Hapo ndipo kichwa changu kilipovimba. Niliamini hakuna mmea nitakaoutia kwenye chupa ukakataa.

Mzee Idrisa alikuja maabara asubuhi ya kiangazi akiwa amebeba sahani iliyofunikwa kitambaa. Alikuwa fundi cherehani, na nyumba yake ilikuwa Bukoba mjini, si mbali na ziwa. Alifunua sahani: tende, lakini si zile nyeusi za kunata tunazozijua dukani. Hizi zilikuwa za njano, ngumu.

"Kula," alisema.

"Mbichi hizi, Mzee."

"Kula kwanza, ubishi baadaye."

Niliuma. Ililia kama karoti, na utamu ukaja polepole, kama wa muwa. Sikuamini. Kila mtu anajua mtende unataka jua kali na ukame, na Bukoba mvua haijui kupumzika. Tende hapa huoza kabla ya kuiva.

"Ndiyo maana tunazila za njano, kabla mvua haijazifikia," alieleza. "Babu yangu alitoka pwani na kokwa mfukoni. Alipanda nyingi, ukabaki mmoja, jike. Dume hatuna. Kila mwaka nashuka bondeni kwenye mikindu, nakata maua dume, nakuja kuyakung'utia juu ya mtende wangu. Mikindu ni mitende ya mwitu, binamu zake, haikatai ndoa."

Nilicheka, maana mikindu niliijua tangu utoto. Tulikuwa tukiikata makuti kijijini kwa ajili ya Jumapili ya Matawi, na sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kuoa.

"Sasa shida ni nini, Mzee?"

"Umezeeka. Unaegemea ziwani. Nikipanda kokwa, sijui nitapata dume au jike, na hata jike likija, si yule. Machipukizi ya zamani niliyapanda yakaoza na mvua. Yamebaki mawili tu pale chini. Nimesikia ninyi mnatoa mia katika moja."

Mama Kokugonza, ambaye alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, alisikiliza yote akiwa anafuta miwani. Tulikwenda kuuona mtende uani kwake: mrefu, umeinama, na chini yake machipukizi mawili yamekumbatiana. Mama akaniita pembeni.

"Chukua moja, Deo. Moja liache kwa mama yake. Huu mmea hatuujui."

Nilimwitikia. Kesho yake alikuwa kliniki Kemondo, nami nikaenda peke yangu na sururu.

"Moja likitosha, kwa nini mawili?" Mzee Idrisa aliniuliza alipoona naanza kuchimba la pili.

"Mawili ni uhakika, Mzee. Wewe shona kofia, mimi niachie mimea."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nayakumbuka neno kwa neno, na natamani ningekuwa nimeyasahau.

Niliyamenya yote mawili, nikapata vipande vya kujaza chupa thelathini na kitu. Kila chupa niliibandika karatasi kwa mwandiko wangu: IDRISA – MTENDE, na namba. Siku ya pili tu aga ikaanza kuwa nyeusi kama chai ya rangi. Mtende ukikatwa unatoa utomvu unaojichafua wenyewe. Mama Kokugonza aliponikuta na machipukizi mawili badala ya moja aliyahesabu kwa kidole. Hakunigombeza. Alinifundisha kutia mkaa laini kwenye aga unyonye uchafu, na kuziweka chupa gizani. "Sasa ngoja," alisema. Ndilo neno lake la mwisho la kikazi kwangu. Mwezi uliofuata alistaafu, akarudi kwao.

Nilingoja. Mgomba kwa muda ule ungekuwa umezaa vitukuu. Mtende ulikaa tu. Vipande vilivimba kidogo, vikawa rangi ya udongo, vikatulia. Mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Wakati huo wakulima wa Muleba walikuwa wakitaka miche kwa wingi na rafu hazikutosha. Kila nilipofungua kabati la giza niliona kahawia, na kila nilipotoka nilipita chini ya maandishi ya mlangoni.

Asubuhi moja nilizitoa zote. Nilizimimina kwenye beseni, zile zile thelathini na kitu, na rafu nikaipa migomba. Sikumwuliza mtu. Anitha alikuwa ameajiriwa wiki hiyo hiyo, msichana aliyetoka chuoni na daftari lililojaa. Baada ya siku kadhaa aliniuliza zile chupa za gizani ziko wapi.

"Zilikufa."

"Zilikuwaje?"

"Kahawia."

"Mtende huwa kahawia, kaka Deo. Unaweza kukaa hivyo mwaka mzima, halafu unaamka. Hukuona vipunje vyeupe juu yake? Kama chenga za mchele?"

Nilikuwa nimeviona. Kwenye chupa tatu au nne. Nilidhani ni ukungu.

"Kumbe ni nini?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Ni miche," alisema Anitha. "Ndivyo inavyoanza."

Wadogo zangu, kosa la mikono husameheka. Nililofanya baadaye ndilo lililonizeesha. Chupa zile zilikuwa bado zinaoshwa nyuma ya jengo siku Mzee Idrisa alipokuja kuulizia. Nilimkaribisha kiti, nikamwambia, "Mtende umekataa, Mzee. Ni wa ukoo wa zamani sana, haukubali chupa." Niliusingizia mti.

Aliangalia viganja vyake. "Haya," alisema. "Kama umekataa, umekataa." Akaondoka kwa kupitia nyuma, kwa njia ya mkato.

Tangu hapo, kila tulipokutana mjini, sokoni au barabarani, hakuniuliza lolote. Alinisalimia, akasema, "Mtende unakusalimu," akaenda zake. Nilifika mahali pa kuvuka barabara nikiona kofia yake kwa mbali. Ilikuwa hivyo miaka miwili.

Aliyenitoa kwenye shimo lile ni Anitha. Alikuja mbio asubuhi moja, daftari mkononi, hata viatu hajabadili. "Kaka Deo, maua! Si lazima chipukizi! Karara la maua likikatwa changa, kabla halijapasuka, ndani mna vijiua vingi sana, na kila kimoja kinaweza kurudi kuwa mche. Na mti haufi!"

Nilirukaruka kama mtoto. Kisha nikakaa chini.

"Itabidi tumwombe mwenyewe," Anitha alisema. "Utamwambia nini?"

"Kwamba tumepata mbinu mpya."

"Na ile ya zamani?"

Siku iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa Mzee Idrisa. Alikuwa barazani kwenye cherehani, anashona upindo wa kanzu. Nilikataa kiti. Nilimwambia nikiwa nimesimama: kwamba mtende haukukataa. Ulikuwa umeanza kuota. Mimi ndiye niliyeutupa kwa sababu niliuangalia kwa jicho la mgomba, na kwamba nilichukua chipukizi la pili baada ya kuambiwa niliache.

Mguu wake ulisimama kwenye pedali. Akavuta droo ndogo ya cherehani, akapekua kati ya vifungo na nyuzi, akatoa kipande cha karatasi kilichokauka. Kilikuwa na mwandiko wangu: IDRISA – MTENDE, 14.

"Ile siku nilipita nyuma mnakooshea," alisema. "Nilipofika nyumbani nikakuta hii imenasa chini ya kandambili. Jina langu, nalikanyaga mwenyewe mpaka nyumbani."

"Ulijua? Miaka yote miwili?"

"Nilijua chupa zimeoshwa. Sikujua kwa nini."

"Mbona hukuniuliza, Mzee?"

"Nilikuuliza!" Hapo ndipo alipokasirika kwa mara ya kwanza. "Kila niliposema mtende unakusalimu, nilikuwa nauliza nini? Hali ya hewa?"

Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyekosa hesabu. Yeye akashona mshono mmoja, akakata uzi kwa meno. Mwishowe akasema, "Umekuja kuomba. Sema unachoomba."

Nikamwambia habari ya karara. Mwaka ule mtende ulikuwa umetoa makarara manne.

"Chukua yote manne," alisema. "Tende nimekula maisha yangu yote."

"Moja, Mzee. Moja tu."

Aliniangalia juu ya miwani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akacheka. "Sasa umesoma," alisema.

Nilipanda ngazi mwenyewe, upepo wa ziwa unaniyumbisha, Anitha chini ameshika miguu ya ngazi na Mzee Idrisa anatoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Karara lilikuwa gumu, limefumba kama ngumi. Kwenye kabati la hewa safi tulipolipasua, ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe zimepangwa safu kwa safu, na kila uzi umejaa vijiua kama shanga. Hakuna mkono wa binadamu uliokuwa umevigusa. Nilimpa Anitha kisu, akate uzi wa kwanza.

Juu ya mlango, chini ya sheria ya Mama Kokugonza, Anitha aliongeza mstari wake: ISIPOKUWA MTENDE. Ule mstari msije mkaufuta.

Safari hii sikuwa na uchovu wa kungoja. Kila Jumatatu nilifungua kabati, nikaangalia, nikafunga. Kahawia. Sawa. Kahawia. Sawa. Tulivihamisha kwenye aga mpya kwa wakati wake na hatukutupa hata kimoja. Mwezi wa kumi wa kungoja, Jumatatu, nilinyanyua chupa kwenye mwanga nikaona chenga tatu za mchele. Nilipiga yowe, watu wa jikoni tunakochemshia aga wakadhani nimeungua. Anitha alikuja mbio, akaangalia, akanipokonya chupa akaangalia tena, kisha tukaanza kucheza ngoma ya Kihaya pale pale kwenye chumba ambacho ni marufuku hata kukohoa.

Nilimpelekea Mzee Idrisa chupa ile ndani ya kikapu, imefunikwa. Aliishika kwa mikono yote miwili. "Wadogo hivi," alisema.

Tulikuwa tumeshatoa miche michache kwenye mwanga, kila mmoja na jani moja jembamba kama nyasi, mvua za vuli zilipokuja na upepo. Asubuhi moja Mzee Idrisa alitembea kwa miguu mpaka maabara, kanzu imelowa magotini.

"Mama yao amelala," alisema.

Mtende ulikuwa umeanguka kuelekea ziwani, kama ulivyokuwa ukitaka siku zote. Nilimpeleka kwenye rafu nikamwonyesha watoto. Wakati ule hapakuwa na tende ile mahali pengine popote duniani, ila kwenye rafu ile, ndani ya chupa za jemu. Kwa miezi mingi baadaye sikulala vizuri kila umeme ulipokatika.

Kutoka kwenye chupa kwenda udongoni ndiko kulikotuadhibu. Miche ya migomba tunaiweka kwenye unyevu mwingi. Ya mitende tuliifanyia vivyo hivyo, ikaoza sita kabla sijakumbuka, kwa mara ya pili, kwamba mtende si mgomba. Hilo nalo ni langu, liandikeni. Iliyobaki tuliipanda kwenye mchanga na kokoto, kwenye tuta lililoinuliwa, chini ya paa. Ikaishi kumi na mmoja. Mmoja uko kwangu Kishanda, juu ya tuta la mawe, na majirani wanauliza ninalima nini kaburini. Mwingine tuliupanda uani kwa Mzee Idrisa, hatua mbili kutoka kisiki cha mama yake.

Mwaka huu, kabla sijastaafu, mtende ule wa uani ulitoa karara lake la kwanza. Mzee Idrisa hawezi tena kushuka bondeni. Macho yamepungua na magoti yamegoma. Nilikwenda mimi, Mkatoliki wa Kishanda, kumtafutia mtende wa Mwislamu mume kwenye mikindu. Nilirudi nimejaa vumbi la maua mpaka kwenye nyusi.

"Ndoa imefungwa?" aliuliza kutoka barazani.

"Imefungwa, Mzee. Bwana harusi amenichafua shati."

Kiangazi kilipofika tende zikawa za njano. Lilikuwa kole dogo, shada la tende za kuhesabika. Anitha alikuja pia, na sahani ilikuwa ile ile ya zamani. Mzee Idrisa alichukua tende, akaipapasa, akaiuma. Ililia. Alitafuna muda mrefu kuliko inavyohitaji tende, huku mimi na Anitha tunamwangalia mdomo kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Babu," alisema, na si kwa ajili yetu.

Kisha akamtuma Anitha kwenye droo ya cherehani. Karatasi ile ya namba 14 ilikuwa imeshonewa ndani ya kipande cha nailoni, mshono mzuri wa fundi, na kamba yake.

"Ifunge kwenye mti, Deo."

"Mzee, huu si wa chupa ya kumi na nne. Ile ya kumi na nne niliitupa."

"Najua uliitupa. Nimekwambia ifunge."

Niliifunga.

Mtakapokwenda kuukagua mti ule mkiwa na daftari, mtaona namba yake hailingani na kumbukumbu za maabara. Msiisahihishe.